Tarumbeta inamezwa na dramu: maiki iwekwe wapi?

Swali: Kundi letu ni la watu wanne: tarumbeta, piano, besi ya kusimama na dramu. Tunataka kurekodi albamu ya jazi jukwaani, watu wakiwepo. Kwenye majaribio tarumbeta mara inapasuka, mara inazama, na matoazi yanaingia katika kila maiki. Tuibane kwa kompresa, kile kifaa kinachoshusha sauti inapozidi?

Jibu: Kompresa iacheni kwanza. Mkiibana sana tarumbeta, kila mpulizaji anapovuta pumzi kompresa inaachia na matoazi yanapanda kujaza pengo. Dawa iko jukwaani, kabla sauti haijafika kwenye mikisa.

Sauti kali za juu za tarumbeta hutoka zimenyooka kama mwanga wa tochi. Mpulizaji akigeuka kidogo tu, ung'avu unapungua. Nadhani maiki yenu iko karibu mno. Ikiwa sentimita 10 kutoka mdomo wa tarumbeta (ule mpana unaotoa sauti), naye akarudi nyuma sentimita 10, mnapoteza takriban desibeli 6. Ikiwa sentimita 50, hatua hiyo hiyo inawagharimu chini ya desibeli 2. Basi iwekeni sentimita 40 hadi 60, pembeni kidogo ya mstari wa mdomo. Anapotia kiziba cha Harmon, kifuniko cha chuma cha mdomo huo, hesabu inageuka: sauti inakuwa nyembamba na lazima asogee karibu kabisa na maiki, kama mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis alivyozoea kufanya. Kubalianeni naye mapema, au mumpe maiki ya pili kwa nyimbo hizo.

Matoazi hamtayafukuza, na wala msijaribu. Kinachoudhi ni matoazi yaliyopotoshwa na maiki duni. Mkipata maiki ya riboni, tumieni: husikia mbele na nyuma, na mbavuni ni kiziwi, hivyo ubavu mmoja uelekezeni kwenye dramu. Hakikisheni tu umeme wa volti 48 ambao mikisa hupeleka kwenye maiki umezimwa, maana baadhi ya riboni huharibiwa nao. Kaeni karibu karibu. Sauti huchukua kama milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo kundi lililotawanyika hutoa rekodi yenye ukungu. Jozi ya maiki mbele ya kundi iwe ndiyo picha yenyewe ya sauti. Za karibu ziongezwe pale tu panapopungua.

Rekodini kwa biti 24, vilele vya sauti visizidi desibeli 12 chini ya sifuri, yaani kikomo cha juu cha rekodi. Mbele ya watu mpulizaji hupuliza kwa nguvu kuliko mazoezini, karibu kila mara.

Kelele za wateja zisiwatie hofu. Rekodi za Davis katika klabu ya Plugged Nickel, Chicago, Desemba 1965, zimejaa sauti za ukumbi na bado ni hazina. Zilichukuliwa kwa siku mbili. Nanyi mkiweza, rekodini usiku mbili, na baada ya usiku wa kwanza stendi za maiki zisiguswe.