Kiini cha peke yake, memori ya wote

Jamani kama unaunda mashine inayotakiwa ijibu kwa wakati, usinunue kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 ukajiambia "prosesa yake ina viini vinne vya kufanyia kazi kwa mpigo, taski zangu tatu (kisu, kamera, rekodi) zitabanwa na nini". Mie nilijiambia hivyo hivyo nilipowaundia kina mama wa Jambiani mashine ya kukatia sabuni za mwani, sabuni zikatoka moja nene moja nyembamba.

Kazi yenyewe ndogo: kila milisekunde 5 programu isome sensa, ipige hesabu, iamue kisu kishuke au kisubiri. Nyumbani hesabu ilichukua milisekunde 2, raha mustarehe. Kule nikaongeza kamera ya kuhesabia sabuni, basi ikawa inafika 6, na saa nyengine 40! Mkanda unakwenda milimita 100 kwa sekunde, ukichelewa 40 sabuni imeshapita milimita 4, na mteja wa hoteli hataki habari za prosesa.

Nikaipa taski ya kisu kiini chake peke yake kwa isolcpus na taskset, zana za kutengea kiini za Linux, mfumo unaoiendesha Pi yangu, nikalala. Wapi! Ile 6 iko pale pale. Ni kama shughuli ya harusi, wapishi wanne kila mtu na jiko lake lakini mfereji mmoja, akija wa kujaza pipa zima wote wanangoja. Viini vya Pi 4 vinachangia kashe (memori ndogo ya haraka iliyo karibu na viini) ya ngazi ya pili, megabaiti 1 tu, na njia moja ya kwendea memorini, kwa hivyo kamera ikimimina picha data za kisu zinatolewa kasheni na kila mara zinafuatwa tena mbali. Nikapunguza ukubwa wa picha, kamera nikaipumzisha kidogo kidogo, ikashuka 3.

Ile 40 kisa chengine. Programu ya kuandika rekodi, ya kipaumbele cha chini kabisa, ilishika kufuli la data ya pamoja (asiyelishika haigusi data), kamera ya kipaumbele cha kati ikaja ikaisukuma kando, kisu huku kinangoja kufuli. Ndo lililokipata chombo cha anga Mars Pathfinder mwaka 1997, kompyuta ikawa inajiwasha upya huko huko Mars! Dawa ni ile ile: aliyeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayemngoja, kwenye Linux unawasha chaguo la kufuli liitwalo PTHREAD_PRIO_INHERIT basi.

Na wastani usiupime, haukwambii kitu. Mie niliiacha usiku kucha, memori nimeijaza makusudi, nikatazama ile mbaya kabisa tu: 3.8. Nikawapelekea. Mama mmoja akaniuliza mbona siku hizi zote sawasawa, kumbe alidhani ule ndo mtindo.