Barua kwa mwanangu: usiku ambao sala haitoki

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama mtu aendelee kusali wakati moyo wake haupo, au anyamaze kwanza mpaka imani imrudie, asije akawa mnafiki mbele za Mungu. Ukaongeza kwamba ukiwasikia wenzako wakiomba kwenye kikundi, maneno yakiwatoka bila kukwama, unajiona kama mgeni aliyesimama mlangoni. Halafu mwishoni ukaandika: "Wewe mama unajua kuomba, mimi sijui."

Nianzie hapo, maana kuna jambo sijawahi kukuambia.

Mwaka ule baba yako alipofariki, ulikuwa ukiniona nimepiga magoti kando ya kitanda kila usiku. Nadhani picha hiyo ndiyo unayoibeba mpaka leo. Ambalo hukulisikia ni kwamba nilikuwa naanza Sala ya Bwana na kukwama katikati. Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje. Nikifika "mapenzi yako yatimizwe", mdomo unakataa. Tulikuwa tumeomba miezi mingi apone, na hakupona. Ningeyasemaje maneno yale? Nilibaki hapo hapo kwenye magoti, kimya, kisha nikapanda kitandani. Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Sikumwambia mtu, hata mchungaji.

Kwa hiyo swali lako nalijua kwa ndani.

Kuhusu unafiki, soma tena Mathayo sura ya 6, taratibu. Watu ambao Bwana Yesu anawakemea pale ni wale wapendao kusali wakiwa wamesimama katika masinagogi na kwenye pembe za njia ili waonekane na watu. Hakuwalaumu kwa kukauka moyo. Aliwalaumu kwa sababu walimpa Mungu mgongo na kuwaangalia watazamaji. Sasa wewe uko chumbani peke yako, mlango umefungwa, huna hamu yoyote, na bado unasema "Bwana, nipo". Unamwigizia nani? Anayekusikia anaijua hali yako kabla hujafungua kinywa. Mimi ningekuwa mnafiki kama ningeupitia haraka haraka ule mstari ulionishinda, ili nijihesabie kuwa nimesali.

Wala usidhani kwamba Biblia inatutaka tuje na uso uliokunjuliwa. Zaburi ziko 150, na nyingi sana kati yake ni vilio. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake. Ya 88 ni nzito zaidi: zaburi nyingine za maombolezo mwishoni hugeukia tumaini, lakini hiyo inaishia gizani, basi. Na waliozikusanya hawakuitoa, wala kuishonea mwisho mzuri. Iliachwa iwe sala. Na Bwana mwenyewe msalabani alichukua maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Angalia anavyolalamika. Halalamiki kwa watu kuhusu Mungu. Anamwambia Mungu mwenyewe, na bado anamwita "wangu". Mwanangu, malalamiko yako uliyoniandikia mimi kurasa mbili, mwandikie yeye. Tayari umeshasali.

Hao wenzako wanaoomba vizuri, usijipime nao. Wapo waliojaliwa ulimi, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Hana, mama yake Samweli, alipokuwa akiomba hekaluni midomo ilicheza tu, sauti haikusikika, na kuhani Eli, mtu wa kazi hiyo maisha yake yote, akadhani amelewa. Petro alipoanza kuzama alisema maneno mawili: "Bwana, niokoe." Yule mtoza ushuru katika mfano wa Yesu hakuweza hata kuinua macho. Na kabla tu ya kuwafundisha Sala ya Bwana, Yesu aliwaambia wanafunzi wasipayuke-payuke kama wale wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Kisha akawapa sala ambayo hata ukiisema bila haraka haimalizi dakika moja.

Hapo ndipo ninapokushauri uanzie: azima maneno. Kizazi chenu kinaona sala ya kukariri kama chakula cha jana. Mimi siamini hivyo kabisa. Wanafunzi walikuwa Wayahudi waliolelewa katika sala tangu utoto, lakini katika Luka 11 wakasema, "Bwana, tufundishe sisi kusali," naye hakuwaambia waseme tu yaliyo moyoni. Aliwapa maneno. Maandiko ya kale ya Kikristo yaitwayo Didache yanawaagiza waumini waseme Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Danieli naye alikuwa akipiga magoti mara tatu kwa siku, na aliposikia sheria ya kupiga marufuku kumwomba yeyote ila mfalme hakubadili saa wala dirisha. Maneno uliyoyazoea yanakushika siku ambayo yako mwenyewe yameisha.

Chagua basi saa moja tu unayoweza kuitimiza, hata kama ni dakika tano kabla ya kuondoka nyumbani. Simu iache chumba kingine. Soma zaburi moja kwa sauti, sema Sala ya Bwana, taja watu watatu kwa majina, ukae kimya kidogo, uende. Mawazo yakizurura (yatazurura), usipigane nayo. Ukikumbuka deni, limwambie Mungu hilo deni. Likija jina la mtu mliyegombana, huenda ndiye aliyekaa mlangoni pa sala yako. Mwombee, kisha mtafute. Na mchana usingoje nafasi maalumu. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, na kati ya swali na jibu akamwomba Mungu wa mbinguni. Sijui kama alivuta hata pumzi mbili.

Sasa lile gumu. Uliuliza kama Mungu anasikia, maana ulichoomba hukupata. Sina jibu la kulifunga jambo hilo, na anayekuambia kwamba hukuwa na imani ya kutosha, usimsikilize. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uliokuwa mwilini mwake umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ulibaki. Katika Gethsemane Mwana mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, akarudia maneno yale yale, na kikombe akakinywa. Utasema Baba hakumpenda?

Ninamfikiria sana Monika, mama yake Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Mwanawe alipotaka kusafiri kwa meli kwenda Roma, mama huyu alimng'ang'ania asiende. Augustino akamdanganya, na usiku ule ambao Monika alikuwa akilia katika sala kwenye kanisa dogo lililokuwa karibu na bandari, meli iliondoka naye. Asubuhi alikuta pwani tupu. Kutoka Roma Augustino alifika Milano, na huko ndiko alikobatizwa mwaka 387. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba Mungu alimnyima mama yake alichoomba usiku ule, ili ampe kile alichokuwa akikiomba siku zote. Sikuambii hivyo kana kwamba kila kukataliwa kuna maelezo namna hiyo. Kwa baba yako mimi sijapewa maelezo. Nakuambia kwa sababu Monika asubuhi ile pale pwani hakujua habari ya Milano, na aliendelea kusali.

Na bado kuna kusali ambako hakuombi kitu. Zaburi ya 131 ni fupi, mistari mitatu tu, inasema nafsi imetulia "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake". Nimewanyonyesha, kwa hiyo nauelewa mstari huo. Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani anahangaika, anatafuta, mikono haitulii. Aliyeachishwa anakuja kwa sababu nyingine. Hataki kitu. Anaweka kichwa, anasikiliza moyo wako unavyopiga, anasinzia. Wewe ulikuwa ukifanya hivyo mpaka miaka minne. Lakini kumbuka pia kwamba kuachishwa ni kilio. Kuna siku ambazo mtoto haelewi kwa nini mama aliyempa jana anamnyima leo. Pengine ukavu unaouona sasa ni siku hizo. Pengine. Mimi si nabii, ni mama yako.

Utataka kujua niliupitaje ule mstari. Sikuupita kwa nguvu zangu. Jumapili moja kanisa zima lilikuwa likisali Sala ya Bwana, nami nikafika pale nikanyamaza kama kawaida yangu. Wengine wakaendelea. Kushoto kwangu alikaa bibi mmoja aliyezika mume na watoto wawili, na nikamsikia akisema kwa sauti yake iliyokatika, "mapenzi yako yatimizwe." Ndipo nikasikia kitu nilichokuwa nimekisema maelfu ya mara bila kukisikia: sala ile haina "mimi" hata mahali pamoja. Baba yetu. Utupe. Utusamehe. Yule bibi alikuwa akiusema mstari ule pamoja nami ndani yake, Jumapili zote zile nilizokuwa nimefumba mdomo. Sikuusema siku ile. Niliusema baada ya wiki kadhaa, kwa sauti ndogo, huku nikilia.

Kwa hiyo jaribu kesho, dakika tano zako. Usiku huu kama huna neno hata moja, lala tu. Mimi husali saa nne, na nikifika kwenye "utupe" huwa nasimama kidogo, nalitaja jina lako, ndipo naendelea.

Mama yako