Dodoso linapima kiti, si anayekikalia

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mapokezi kwenye hospitali binafsi hapa Mwanza. Mkataba unaniita mhudumu wa mapokezi, lakini madai yote ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya yanapitia kwangu. Menejimenti imeleta washauri wa tathmini ya kazi, na dodoso tulirudishe Jumatatu. Wenzangu wananiambia nitaje stashahada yangu na kwamba sichelewi kazini. Wengine wanasema ni janja ya kutupunguzia mishahara. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Stashahada itaje pale wanapouliza kazi yenyewe inahitaji elimu gani. Kuwahi kazini hakumo humo. Hayo ni ya tathmini ya utendaji, fomu nyingine kabisa. Hawa wanataka uzito wa kiti, yaani wa nafasi ya kazi yenyewe, hata kesho akikikalia mwingine.

Nimekaa ofisi za utumishi mpaka nikastaafu, na madodoso mengi huharibikia kwenye "majukumu makuu". Mtu anaandika: "Kusaidia shughuli za ofisi na kazi nyingine nitakazopangiwa." Mpimaji atoe alama gani hapo? Wewe andika: "Nakagua fomu za bima kabla hazijatumwa. Nalinganisha alichoandika daktari na dawa zilizotolewa. Saini au namba ya uanachama ikikosekana, namrudishia daktari." Halafu sema nani anakagua baada yako. Kama hakuna, liandike waziwazi, maana hapo ndipo penye uzito. Dai likikataliwa, hospitali inapoteza shilingi ngapi? Ambatisha taarifa ya mwezi mmoja, majina ya wagonjwa yafutwe.

Mifumo mingi hugawa alama kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Upo na ule wa profesa Paterson, aliyefundisha Glasgow, Uskoti, unaotazama maamuzi: unatekeleza ulichoagizwa tu, au kuna jambo unaliamua mwenyewe? Kenya waliutumia kupima kazi za serikali, na ndiyo maana walimu wao, tangu makubaliano ya 2017, wako kwenye madaraja ya B5 hadi D5, herufi ikionyesha ngazi ya maamuzi. Mfumo wowote watakaoutumia, ukijiita "msaidizi" kila mstari watakuweka chini, na watakuwa sahihi kwa walichosoma.

Hofu ya mshahara naielewa, ila tathmini peke yake haibadilishi mkataba. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi na ujira wako, na yakibadilika ashauriane nawe. Serikalini kuna utaratibu wa mshahara binafsi: cheo kipya kikiwa na mshahara mdogo, mtu anabaki na wa zamani. Waulizeni washauri kama kwenu upo, na jibu lije kwa barua.

Kabla hujampa msimamizi asaini, toa kopi. Akikata mstari, muulize nani anaifanya hiyo kazi.

Na wa zamu ya usiku msijaze pamoja, hata mkiwa marafiki. Wao wanapokea wagonjwa na simu, madai hawayagusi. Maelezo yakifanana, washauri wataona kazi moja yenye watu watatu. Omba kwa maandishi kiti chako kipimwe peke yake, barua iende pamoja na dodoso hiyo Jumatatu.