Usimuulize "Utaacha Lini Methadoni?"

Mwenye ndugu aliyekuwa anatumia unga, yaani heroini, kisha akaanza kunywa kituoni dozi ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, analijua swali hili. Shangazi huliuliza msibani, jirani huliuliza dukani, hata shehe au mchungaji mwenye nia njema: "Sasa hiyo methadoni ataiacha lini?" Kwetu Temeke limeulizwa mpaka mdogo wangu akawa anatoka sebuleni kila mgeni akiingia. Mimi ndiye ninayemsindikiza na kukaa naye kwenye vikao vya familia, kwa hiyo ninayoyaandika ni ya dada mtu aliyewasikiliza sana wahudumu, si ya daktari. Na ninachosema ni kwamba tuache kuuliza.

Heroini haikai sana mwilini. Baada ya saa chache arosto inaanza: makamasi, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Kijana anayebeba sufuria ya mama yake alfajiri akaiuze hatafuti starehe tena, anakimbia maumivu. Methadoni ni jamii moja na heroini, hilo tusifichane. Tofauti ni kwamba inanywewa, inapanda taratibu, na dozi moja inamshikilia mtu siku nzima. Akishafikishwa kwenye kipimo kinachomtosha, halewi wala haumwi arosto. Anaweza kwenda kazini kama watu wengine. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha hilo New York katikati ya miaka ya 1960, na tangu 2005 dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwetu Muhimbili walianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na mgonjwa halipii.

"Mbona mtoto wa fulani alipelekwa kijijini akaacha bila dawa?" Hili nalo huulizwa, na ni swali la haki. Miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Kule, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini. Waliporudi makwao, wengi mno waliachana nayo, na ni wachache sana waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Mazingira yana nguvu kweli, na wazee wetu wanaosema "mtoeni mjini" hawakosei.

Lakini wale askari hawakurudishwa tena Vietnam. Kijana wetu anapelekwa kijijini, analima, ananenepa, familia inashukuru Mungu, kisha anarudishwa mtaa uleule, maskani ileile, marafiki walewale. Mwili wake umeshasahau unga, yeye hajasahau. Siku akiteleza anachukua kiasi kile alichokizoea zamani, na sasa kinamzidi. Mtaani tumezika vijana waliokufa hivyo, wengine wakiwa wametoka tu jela, na waombolezaji wakanong'ona kwamba safari hii aliuziwa unga mbaya.

Hapo ndipo haraka ya kumwachisha methadoni inaponitisha. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya takwimu za wagonjwa zaidi ya 120,000 waliowahi kutibiwa kwa methadoni. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, walikufa kama 11 wakiwa kwenye dawa, na kama 36 wakiwa wameiacha. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha zilikuwa mbaya zaidi. Wapo wanaopunguza dozi polepole wakamaliza salama, lakini hilo ni la mgonjwa na daktari wake kukubaliana, si la kikao cha ukoo.

Mwanzoni jipeni subira. Dozi inaanzia chini na kupandishwa kidogo kidogo, hivyo wiki za kwanza arosto bado inamng'ata, na anaweza kuongezea kete ya unga, pombe au vidonge vya usingizi kama valiamu. Mchanganyiko huo ndio unaoua. Mkimkuta anakoroma isivyo kawaida, hashtuki mkimtikisa, midomo inabadilika rangi, achaneni na maziwa na ndoo za maji. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na semeni ukweli alichotumia. Kuna dawa inaitwa naloksoni inayoweza kumrudisha, ila mhudumu lazima ajue anatibu nini.

(Kama wako ni mnywaji wa gongo wa miaka mingi, msimfungie chumbani aache kwa nguvu. Arosto ya unga inatesa, lakini kuacha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuua. Huyo naye ni wa hospitali.)

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kifua kikuu. Rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya TB, hulifanya ini liimalize methadoni haraka. Mdogo wangu alipoanza vidonge hivyo arosto ilirudi, na nyumbani wakasema anadanganya ili aongezewe dozi. Hakuwa anadanganya. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi, hufanya vivyo hivyo. Kila dawa mpya anayoandikiwa popote, kituo cha methadoni kiambiwe siku hiyohiyo, na akimaliza vidonge vya TB waambiwe pia, maana dozi iliyopandishwa huenda ikawa kubwa mno.

Na shangazi akitaka kusaidia, amchangie nauli. Kwa kawaida dozi inanywewa kila siku, mbele ya mhudumu, sikukuu na mvua vilevile, na nauli ikikosekana siku mbili tatu ndipo watu wanapopotea. Mkiwa na msiba au harusi mkoani, nendeni kituoni mapema mkaulize atakunywea wapi huko. Msingoje jioni ya kuamkia safari, basi limeshakatiwa tiketi.