Mbwa ana kansa, na Januari kuna ada

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina duka la jumla hapa Makorora, Tanga. Mbwa wangu Tomi, dume wa miaka minne, mwenye kilo kama 20, anadondosha damu sehemu za siri tangu mwezi wa nane, na sasa kuna kinyama kimejitokeza. Daktari wa mifugo wa hapa kamtazama, kasema ni kansa ya zinaa, achomwe sindano sita, moja kila wiki, kila moja shilingi 70,000. Hiyo ni 420,000, na Januari nina ada za watoto wawili. Mke wangu anasema mbwa ni mbwa, tena anaogopa watoto wataambukizwa. Nitoe zote kwa mkupuo, nianze na mbili nione, au nimwache?
Mwenye Duka, Makorora

JIBU: Marahaba, Mwenye Duka. Katika yote uliyoandika, lililonitisha ni hilo la “nianze na mbili nione”. Sindano mbili kwa kansa hii huleta matokeo ya kudanganya: damu inakauka, uvimbe unanywea, mbwa anachangamka, na mwenyewe anaona kazi imekwisha. Seli zilizobaki zinakua upya, na safari hii huenda zimeshaizoea dawa. Kama huna uhakika wa kumaliza, ni heri ukusanye wiki mbili tatu ndipo uanze. Usivute miezi, maana uvimbe mkubwa unataka sindano nyingi zaidi.

Kabla hujatoa hata shilingi ya sindano, kuna kipimo kimoja. Daktari wako amemtazama kwa macho tu. Mwombe agandamize kioo cha maabara kwenye kile kinyama, akipake rangi na kukiangalia kwa hadubini. Seli za kansa hii ni za duara, zina vitundu vyeupe vilivyojipanga ndani yake. Daktari aliyezoea hazimpotei. Kipimo hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vyote katika safari hii, na ndicho kinachoamua bajeti yako. Jibu likiwa limfoma, yaani kansa ya mfumo wa limfu, kwa mfano, dawa kadhaa zikichanganywa humwongezea mbwa miezi, akibahatika mwaka, kisha ugonjwa unarudi. Hapo ningekujibu kwa tahadhari kubwa. Lakini ikiwa kweli ni ya zinaa, mimi ningeitolea pesa. Zaidi ya asilimia 90 ya mbwa hupona kabisa kwa vinkristini, ndiyo dawa ya sindano hizo, peke yake, na kansa za namna hiyo ni chache mno.

Sasa hiyo 70,000. Wewe ni mfanyabiashara. Hununui katoni bila kuuliza ndani mna nini. Uliza kama bei hiyo inajumuisha dawa, kanula (kile kimrija cha kuingiza dawa mshipani) na kipimo cha damu, au damu inalipiwa kando. Vinkristini ni dawa ya binadamu, ileile wanayochomwa watoto wenye kansa ya Burkitt, na kichupa kidogo huwa na miligramu 1. Mbwa wa kilo 20 hupewa takriban nusu yake. Nusu ya pili humwagwa, isipokuwa siku hiyohiyo pawe na mbwa mwingine wa kuchomwa. Kwa hiyo mwambie daktari awapange wagonjwa wake siku moja, mgawane bei ya kichupa. Mahali penye mbwa wanaozurura, Tomi hawezi kuwa peke yake.

Mahali pa kutobana matumizi ni damu. Dawa hii hushusha seli nyeupe, kwa hiyo kila wiki zihesabiwe kabla ya sindano. Zikiwa chini, sindano inasogezwa mbele. Wala usikubali mtu aje kumchoma uani kwa bei chee: dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama mpaka inaoza, na kidonda hicho kitakugharimu kuliko ulichookoa.

Usilipe kwa mkupuo. Sita ni makadirio tu. Wapo wanaomaliza kwa nne, wapo wanaofika nane. Mimi ningepanga kwa nane, yaani 560,000, nikilipa kila wiki kadiri zinavyochomwa. Akipona kwa nne, zimebaki 280,000. Ukianza mwanzoni mwa Novemba, hata zikifika nane utakuwa umemaliza kabla ya mwaka mpya. Kama unacheza mchezo na wenzako wa sokoni, omba kubadilishana zamu upokee mwezi huu. Kadi ya NHIF, kabla hujauliza, haimhusu Tomi.

Kaeni na mama mkubaliane kikomo mapema. Baada ya sindano tatu au nne, kama uvimbe haujapungua, dawa inayofuata ni ghali zaidi na ina hatari zaidi, na uamuzi huo haufai kufanywa kliniki huku mbwa anakutazama. Watakaokwambia “kinyama kikatwe tu” uwaulize watafanya nini kikirudi, kwa sababu kisu peke yake mara nyingi hakimalizi.

Hilo la mbwa ni mbwa sitalijibu kwa niaba ya nyumba yako. Nitauliza tu mlinzi wa duka analipwa kiasi gani kwa mwezi huko Makorora.

Kuhusu watoto, mwambie mama kansa hii haimwingii binadamu. Ni seli hai za mbwa zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa, hasa wakipandana, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Woga wake una nafasi kwingine: siku chache baada ya kila sindano, mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo na kinyesi. Siku hizo watoto wasiguse banda. Anayelisafisha avae glavu, na mwenye ujauzito asisogee kabisa.

Tomi afungwe kuanzia leo, asitoke usiku kuambukiza majike ya mtaa. Kumhasi kusubiri uvimbe uishe na damu yake irudi sawa. Ikibaki ile 280,000, anzia hapo.