Shingo mpya, gitaa linagoma kutyunika

SWALI: Napiga solo kwenye bendi ya kwaya hapa Moshi. Shingo ya Stratocaster yangu, gitaa la umeme, ilipasuka, fundi akafunga nyingine ya gitaa tofauti. Nyuzi zikiwa wazi ziko sawa, ila nikibonyeza freti ya 12 (waya wa 12 wa shingoni) sauti inakuwa chini ya inavyotakiwa kwa karibu robo toni. Nimesogeza vikalio vya daraja, vile vipande nyuzi zinapokalia kwenye bodi, kuelekea shingoni hadi skrubu zimeisha, ikapungua kidogo tu. Nibadili nyuzi? – Mpiga solo, Majengo

JIBU: Nyuzi hazina kosa. Chukua rula ya chuma, pima kutoka ukingo wa nati, kile kipande chenye mifereji juu ya shingo, hadi katikati ya waya wa freti ya 12. Zidisha kwa 2. Huo ndio urefu wa skeli, yaani urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, uliotumika kupanga freti. Stratocaster ni milimita 648, kwa hiyo rula isome 324. Ikisoma 314, umefungiwa shingo ya skeli ya 628, jamii ya gitaa la Les Paul.

Sasa pima kutoka freti hiyo hadi kikalio cha uzi mwembamba. Inatakiwa ilingane na nusu ya kwanza, nyuzi nene zikizidi milimita chache. Kama kabla hujagusa skrubu ilikuwa 334 badala ya 314, freti ya 12 haikuwa katikati ya uzi, na sauti hushuka senti 52 hivi (senti 100 ni nusu toni): ndiyo robo toni yako. Vikalio havina nafasi ya milimita 20.

Tafuta shingo ya 648. Zipo pia za 628 zilizotengenezwa makusudi kwa bodi ya 648, nati ikiwa karibu zaidi na daraja; hizo zinafaa. Tafadhali usikubali daraja lenye mkono wa kutikisa sauti lihamishwe: tundu la springi chini yake litabidi lichongwe upya, na bodi haitarudi.

Kama ulipenda ulaini wa skeli fupi, mvutano wa uzi hufuata kipeo cha pili cha urefu, kwa hiyo 648 inazidi 628 kwa asilimia 6 tu. Kutoka nyuzi namba 10 (namba ni unene wa uzi mwembamba) kwenda 9.5 unapunguza karibu asilimia 10, kwa bei ndogo sana. Kwa solo za haraka zinazotakiwa kusikika noti kwa noti, sisi tungebaki na 648. Anayevuta sana nyuzi kwa vidole, au mwenye kiganja kidogo, achukue ile 628 ya makusudi: hata freti ya kwanza iko milimita 35.2 kutoka nati badala ya 36.4. Ila akishusha tyuni toni nzima kwa namba 9, nyuzi zitalegea na kila akibonyeza kwa nguvu sauti itapanda.