Muulize Refa: Goti la Yan na supu ya watu wanne

SWALI: Shikamoo Refa. Gereji kwetu Tandika kuna ubishi haujaisha tangu 2021. Petr Yan, bingwa wa kampuni ya mapambano ya UFC, anampiga Aljamain Sterling, kila mtu anaona, halafu goti moja tu, mkanda ukaenda kwa aliyelala chini. Mwenzangu anasema adhabu ya rafu ni kukatwa pointi, si kupokonywa ubingwa. Mimi nasema pambano lilitakiwa lifutwe. Tumewekeana supu ya watu wanne. Nani analipa?
Fundi pikipiki, Tandika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipeni nusu kwa nusu, wote mmekosa. Ila wewe umekosa zaidi.

Pambano lile nililiona. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, Machi 7. Kule Las Vegas bado Jumamosi usiku. Nilikuwa nimeamka kumtazama Adesanya, aliyepangwa mwisho kabisa na Jan Błachowicz, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Raundi ya nne, zimebaki kama nusu dakika. Sterling ameweka goti chini, Yan amesimama juu yake, akapandisha goti likatua kichwani. Nikasema peke yangu sebuleni, "Huyu kaisha." Mke wangu akauliza nani, nikamwambia aliyepiga.

Katika sheria za pamoja za MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, zinazotumika Nevada na kwingi Marekani, mtu aliyeko chini unaweza kumpiga ngumi, unaweza kumpiga kiwiko, lakini kichwa chake hakiguswi kwa goti wala teke. Sisi tuliokulia kwenye ngumi ndipo tunapojikwaa. Kwetu bondia akienda chini, mwenzake anapelekwa kona na mwamuzi anaanza kuhesabu. Kwao hakuna kuhesabu, kazi inaendelea palepale chini, kwa hiyo ilibidi waseme kipi ruksa na kipi rafu.

Sasa rafu imetokea. La kwanza, aliyepigwa anaweza kuendelea? Akiweza, mwenzako yuko sawa: anapewa muda wa kupumua, mkosaji anaonywa au anakatwa pointi, wanaendelea. Sterling hakuweza. La pili, ilikuwa kusudi au bahati mbaya? Ikiwa bahati mbaya, tunatazama raundi. Pambano la ubingwa ni raundi 5 za dakika 5. Likivunjika kabla raundi 3 hazijakamilika, halina mshindi, bingwa anarudi na mkanda wake. Zikikamilika, zinasomwa kadi za majaji. Goti lile lilikuja raundi ya nne, fundi. Kufutwa hakukuwepo kabisa!

Angalia kilichokuwa mezani. Baada ya raundi tatu, majaji wawili kati ya watatu walikuwa wamempa Yan uongozi. Mwamuzi Mark Smith angetamka "bahati mbaya", Yan angekuwa na nafasi nzuri ya kutoka na mkanda kwa rafu yake mwenyewe. Smith akasema kusudi. Na rafu ya kusudi ikimtoa mtu mchezoni, aliyeifanya anaenguliwa, na kuenguliwa ni kushindwa, uwe bingwa usiwe bingwa. Ilikuwa mara ya kwanza mkanda wa UFC kuhama kwa njia hiyo.

Kusudi, nikuambie, si lazima iwe roho mbaya. Yan alitaka goti lile litue pale lilipotua. Kama alighafilika kwamba mwenzake yuko chini, hilo ni lake na kona yake. Mimi mwenyewe niliwahi kulikwepa neno hilo. Ukumbi mmoja Tanga, kijana wa nyumbani alipiga ngumi baada ya kengele, mgeni akaanguka. Nikakata pointi moja, nikasema hakusikia kengele. Alisikia. Niliogopa viti, nilishaona watu safu ya mbele wamevishika. Ndiyo maana Smith namvulia kofia.

Ukitaka kuona pambano la ubingwa lililokwisha bila mshindi, mtazame Tom Aspinall na Ciryl Gane, Abu Dhabi, Oktoba 25, 2025. Vidole vikaingia machoni raundi ya kwanza, Aspinall akashindwa kuendelea, akabaki na ubingwa wake. Hiyo ndiyo ungeiwekea supu.

SWALI: Refa, nasikia kiwiko cha kushuka wima sasa ruksa. Jon Jones atafutiwa kipigo chake?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Hapana. Desemba 2009 alikuwa anamtwanga Matt Hamill, akashusha viwiko vya wima, akaenguliwa, na hadi leo ndiyo doa pekee la kushindwa katika rekodi yake. Kiwiko hicho kimeruhusiwa kuanzia Novemba 1, 2024. Sheria mpya haisahihishi kadi za zamani. Siku hiyohiyo waliondoa na ujanja mwingine nilioudharau siku zote: mtu anainama, anaweka mikono chini, basi tayari ni "aliyeko chini". Sasa mikono haikuokoi. Lakini goti likigusa, uko chini, kwa hiyo Yan asijifariji.

SWALI: Mpinzani namba moja anapatikanaje? Mbona haieleweki kama ligi?
Dada wa Nyamagana

JIBU: Kwa sababu si ligi, dada. Kuna orodha ya watu 15 chini ya bingwa kila uzito, waandishi wa habari wanaipigia kura, kisha kampuni inapanga pambano litakalouzika. Namba tatu mwenye mdomo anaweza kumpita namba moja mpole. Bingwa akiumia, wanatengeneza mkanda wa muda. Sterling alifanyiwa upasuaji wa shingo, basi Yan akapigania wa muda na Cory Sandhagen, Oktoba 30, 2021, akashinda. Wakarudiana na Sterling Aprili 9, 2022, Jacksonville. Sterling akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.

Fundi, kama hiyo nayo mnaibishia, mkija na ubishi njooni na kadi za raundi kwa raundi, na supu yangu iwe ya kongoro.